Pua ya Hilaria

Hilaria alizaliwa Kilema, katika nyumba iliyonuka mbege mwaka mzima. Mama yake alikuwa mpika pombe aliyejulikana hadi vijiji vya juu vinavyopakana na msitu. Ndizi mbivu zilipokwisha kuchemshwa na kuachwa zichachuke, kabla ya kuchanganywa na uji wa ulezi, aliyeitwa kusema kama wakati umefika alikuwa Hilaria, akiwa na miaka saba. Hakuonjeshwa. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akavuta pumzi mara moja, akasema "bado" au "leo", na mara chache, "chungu cha kule mwisho kimeharibika." Wanaume waliokuwa wakisubiri uani walibishana naye kwa utani, kisha wakafanya alivyosema. Kaka yake Wenseslaus, aliyelala naye kitanda kimoja na kula naye sahani moja, hakusikia tofauti yoyote.

"Zote zinanuka pombe," alisema.

"Wewe Mungu alikupa pua ya kupenga kamasi tu," mama yao alimjibu.

Mwaka wa sitini na nne aliolewa Kirua Vunjo, kwa Eliufoo, mtoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Akaacha rozari kwao, akajifunza nyimbo za upande ule. Katika nyumba ile pombe haikuingia hata siku ya harusi. Mama mkwe wake, Bibi Veronika, hakumtukana hata mara moja. Alichofanya ni kumtaja kwa wageni kama "huyu binti wa kwenye vyungu", kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeeleza njia. Hilaria alivumilia. Alifagia uwanja kabla ya wote, alikata majani ya ng'ombe kuliko wote, na kwa miaka kumi na saba hakuruhusu mtu wa Kirua aseme kwamba ameona kata ya mbege mkononi mwake.

Kitu kimoja cha nyumba ile kilimshangaza tangu mwanzo. Eliufoo hakuwa mtu asiyesikia harufu. Alisikia kahawa ikianza kuungua, alisikia mvua ikija kutoka upande wa Kahe, alijua kwa kunusa kama ng'ombe ana homa. Lakini ndizi mbivu zikianza kuchachuka, hakusikia kitu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkungu mmoja ulisahaulika darini ukaoza juu ya vichwa vyao mpaka maji yakadondoka kitandani.

"Baba, hukusikia?" Hilaria alimuuliza mumewe, leso ikiwa puani.

"Kusikia nini?"

"Harufu! Wiki nzima nadhani ni jirani."

Eliufoo alisogeza uso mpaka karibu na ule uozo, akavuta pumzi kama mtu anayetafuta neno alilolisahau. "Sisikii kitu," alisema, na hakuwa akitania. Bibi Veronika naye, alipoitwa, hakusikia kitu. Hilaria alidhani ni kiburi cha ukoo, watu wasiotaka kukubali kwamba nyumba yao nayo inaweza kunuka pombe. Baadaye akadhani ni mrututu, ile dawa ya bluu ambayo Eliufoo alipulizia kahawa kila msimu. Lakini Bibi Veronika hakuwahi kushika bomba la dawa maishani mwake. Mwishowe Hilaria akaacha kuwaza. Alijua tu kwamba katika nyumba ile, jambo la harufu hiyo, neno la mwisho ni lake.

Watoto wawili wa kwanza hawakuishi. Wa tatu alikuwa Ruth.

Mwaka wa themanini na moja, mvua za masika zilipoanza, Ruth alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa akisoma mafundisho ya kipaimara. Gauni jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Kitambaa chake Eliufoo alikipangia foleni siku mbili kwenye duka la ushirika. Jumamosi moja mchana msichana alirudi kutoka kanisani, akapita jikoni moja kwa moja hadi kwenye ndoo, akanywa vikombe vitatu bila kupumua.

Hilaria alikuwa akimenya ndizi za mtori. Harufu ilimfikia kabla Ruth hajageuka. Ilikuwa ndizi iliyoiva kupita kiasi, utamu ulioanza kugeuka, chungu cha siku ya tatu. Ingekuwa Kilema, angesema "kesho".

"Njoo hapa."

"Naam, mama."

"Fungua mdomo. Pumua."

Ruth alipumua usoni kwa mama yake. Kisu kilimtoka Hilaria mkononi.

"Umekunywa wapi?"

"Maji? Hapo kwenye ndoo."

"Usinifanye mjinga, Ruth. Nimezaliwa ndani ya hiyo harufu. Nani kakupa?"

"Mama, sijanywa! Uliza wenzangu!"

"Pua yangu haijawahi kuuliza mtu."

Eliufoo aliingia na mzigo wa majani begani, akaelezwa. Alimwinamia binti yake, akanusa kwa muda mrefu. "Mimi sisikii kitu," alisema.

"Wewe? Wewe uliyelala wiki nzima chini ya mkungu uliooza?"

Eliufoo alirudi nyuma, akashusha mzigo wa majani. Na Bibi Veronika, aliyekuwa amekaa mlangoni na blanketi lake, alisema taratibu, bila kumtazama yeyote, "Damu haipotei. Kwao ni vyungu."

Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Ruth alikuwa na kiu ya walevi. Aliinuka usiku kwenda chooni mara nne, mara tano, kama walevi. Alikonda na mashavu yakaingia ndani, akalala darasani, akajikwaa kwenye mfereji uliokuwepo pale tangu hajazaliwa. Asubuhi alitapika. Na harufu ilizidi. Mama aliyefua jina lake kwa miaka kumi na saba hakuweza kusubiri kanisa lije kugundua lenyewe. Alikwenda yeye, kwa miguu yake, kwa Mwinjilisti Filemon, akamwambia mtoto atolewe kwenye orodha ya kipaimara mpaka atakapotengenea. Filemon alimwita Ruth, akamnusa kwa aibu, kama mtu anayelazimishwa kusoma barua isiyo yake.

"Kweli," alisema. "Ni kama ndizi. Mungu amsaidie."

Wakawa wawili wanaoisikia. Gauni likarudi sandukuni.

Siku nne zilizofuata Hilaria alimfungia ndani ili asikutane na hao waliokuwa wakimpa. Akampimia maji kwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa sababu kule Kilema aliwahi kusikia kwamba kiu ya pombe huisha kwa kuvumiliwa. Ruth alilia akiomba maji. Siku ya tatu hakulia tena. Siku ya tano alikuwa akipumua kwa kina na kwa nguvu, kama mtu anayepanda mlima, ingawa amelala, na alipoitwa hakuitika.

Gari la kubebea kahawa liliwashusha mjini. Hospitalini nesi mmoja, jina lake Digna, mwanamke mnene wa huko Rau, alichukua mkojo wa Ruth, akaudondosha ndani ya dawa ya bluu, akauchemsha kwenye moto wa spiriti. Eliufoo alikodoa macho.

"Sista, hiyo si mrututu?"

"Imo ndani yake, baba. Mnapulizia kahawa, sisi tunapikia mikojo."

Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa rangi ya tofali. Digna akaacha utani, akakimbia kumwita daktari.

Ruth aliamka siku ya tatu. Ni siku hiyo Digna alipomweka Hilaria kwenye benchi la ukumbini na kumweleza kwamba mtoto wake hajanywa pombe. Ana ugonjwa wa sukari. Mwili umeshindwa kuitumia sukari, umeanza kujila wenyewe, na moshi wa huko kujila unatoka na pumzi. Unanukia matunda yaliyoiva.

"Nilisikia," alisema Hilaria. "Mimi nilisikia kabla ya wote."

"Basi wewe una bahati ya pua. Mimi miaka tisa niko wodi hii, sijawahi kuisikia hata siku moja. Wenzangu wakiingia tu wanasema, 'Huyo ni sukari,' mimi naona mgonjwa amelala. Wananiita pua ya sanamu." Akacheka kidogo, kisha akaona uso wa Hilaria, akaacha. "Mwalimu wetu chuoni alituambia pua ni nyumba yenye milango mingi, kila harufu ina mlango wake. Mwingine anazaliwa mlango mmoja umezibwa, mingine yote iko wazi, wala hajui, maana huwezi kukosa kitu ambacho hujawahi kukisikia. Mara nyingi inakwenda kwa ukoo. Kwa nini iko hivyo, hata yeye hakujua."

"Mume wangu hasikii. Wala mama yake."

"Basi na mtoto huenda hasikii."

Hilaria alitazama mikono yake. Wasiosikia ndio waliokuwa wamesema kweli. Eliufoo aliposema hasikii kitu alikuwa karibu na ukweli kuliko yeye, aliyesikia kila kitu na kukipa jina alilolijua. Alifikiri juu ya kikombe kimoja cha maji asubuhi na kimoja jioni. Hakumwambia Digna. Hakumwambia mtu.

Waliporudi nyumbani alikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chao cha migomba, akalifunga fundo kama inavyofanywa na mtu anayeomba msamaha usioweza kukataliwa, akampelekea Ruth kitandani. Ruth alilitazama lile jani, akamtazama mama yake.

"Mama, mtu mzima haleti sale kwa mtoto. Watu wataona."

"Waone."

Ruth alilipokea. Aliliweka chini ya mto, na hakuna aliyelitaja tena. Mwinjilisti Filemon naye alikuja, kofia mkononi, kusema mlango wa kipaimara uko wazi, mwaka ujao, hata mwezi ujao. Ruth alimwamkia vizuri, akamwambia atafikiri. Alipoondoka alisema, "Siendi. Pale wananipa divai. Nikirudi utaninusa, mama, halafu itakuwaje?" Akacheka. Hilaria alijaribu kucheka.

Mwaka na nusu waliishi kwa chupa ndogo za dawa ya sindano. Walizihifadhi ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga wenye maji, kwenye kona yenye kivuli. Hilaria alichemsha bomba la kioo kila asubuhi. Digna aliwapa pia kichupa cha ile dawa ya bluu ya kupimia mkojo. Kilipokwisha, hakikupatikana kingine, na hapo ndipo pua ilipopewa kazi. Hilaria aliondoa ndizi zote mbivu nyumbani. Hakuna mkungu uliovundikwa darini tena, wala kwa majirani wa pande zote mbili, aliowaendea akiwaomba. Kila asubuhi, kabla ya chai, Ruth aliinama mbele yake na kupumua.

"Haya, daktari, sema."

"Hakuna kitu."

Au: "Kwa mbali." Na siku hiyo waliongeza dawa kidogo, kama walivyofundishwa.

"Mimi mwenyewe sisikii chochote," Ruth alisema mara moja. "Nimechukua pua ya baba. Wewe umenipa nini, mama?"

Hilaria alitia bomba la kioo kwenye maji yaliyochemka.

Watu wa kijiji walikuwa na utani wao. Miaka ile sukari haikuonekana dukani miezi na miezi, na chai ilinywewa kavu. "Nchi nzima inatafuta sukari," mtu mmoja alisema kwenye foleni ya sabuni, "binti Eliufoo anayo mpaka inamzidi. Si atugawie!" Ruth alipoambiwa alicheka kuliko wote.

Kisha dawa nayo ikawa kama sukari. Eliufoo alishuka mjini, akaambiwa arudi baada ya wiki. Akarudi, akaambiwa mwezi. Digna alimtafutia nusu chupa, akampa bila kusema ameitoa wapi. Walipunguza kipimo, wakapunguza tena. Ruth alilazwa siku tatu akatiwa maji kwenye mshipa, akaruhusiwa, na Digna akawasindikiza hadi stendi akilia waziwazi kama mtoto. "Nikilala tena," Ruth alisema ndani ya basi, "nilale nyumbani. Msinibebe tena kwenye magari." Kesho yake Eliufoo alipanda gari la Arusha, kutoka Arusha akaenda Dodoma, kwa vile alisikia kuna misheni fulani ina dawa, kutoka Dodoma akafika Dar es Salaam. Alikaa siku kumi na tatu. Alirudi Alhamisi mchana, viatu vimeachana na soli, mfuko wa kitambaa ukiwa mtupu begani. Hakuna aliyemuuliza. Mfuko ulionekana. Alilala mpaka Ijumaa asubuhi.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu tone la mwisho. Asubuhi ya Ijumaa hiyo Ruth hakuweza kuinuka aje jikoni, kwa hiyo Hilaria alimfuata kitandani. Akamwinamia. Ruth akapumua.

Ilikuwepo, wala haikuwa kwa mbali. Ilikuwa ile ile ya jikoni, Jumamosi ile ya mtori. Chungu cha siku ya tatu, na Hilaria, aliyekuwa akijua tangu utoto ni saa ngapi zimebaki, alijua.

"Nanukaje?" Ruth aliuliza.

Hilaria alitazama lile blanketi, ukuta, kitasa cha dirisha. Hakuwahi kusema uongo juu ya harufu maishani mwake.

"Hakuna kitu."

Ruth alimtazama. "Pua yako haijawahi kuchukua muda mrefu hivyo, mama."

"Nina mafua."

"Sawa. Una mafua." Akafumba macho. "Baba naye umwambie una mafua. Usimwambie kingine. Katembea sana."

Eliufoo alikuwa mlangoni tayari, jembe mkononi. Ijumaa ilikuwa zamu yao ya maji kwenye shamba la Kahe. Zamu ile ya mchana na usiku ilikuja mara moja kwa wiki mbili, na mahindi yalikuwa yameachwa siku zote alizokuwa safarini. Alisimama akizungusha mpini wa jembe.

"Vipi leo?" aliuliza. "Maana ukisikia kitu, siendi. Mahindi yakauke."

Aliuliza akimtazama mke wake, si mtoto. Kwa jambo hilo hakuwa na macho mengine zaidi ya pua ya mkewe.

"Sisikii kitu," alisema Hilaria.

Ule uso, uliokuwa umekazana siku kumi na tatu, ulilegea. Aliingia, akamwekea Ruth kiganja kwenye paji la uso, akamwambia, "Nikirudi tutaongea habari za Dar. Kuna watu kule, we acha tu!" Ruth akatabasamu, macho yamefumbwa. Eliufoo alivaa kofia, akashuka. Hilaria alimsikia akipiga mluzi kwenye njia ya migomba, kitu ambacho hakukisikia kwa mwaka mzima, na akasikiliza mpaka mluzi ukaisha.

Jioni ile pumzi ya mtu anayepanda mlima ilianza tena. Jumamosi asubuhi Hilaria alimtuma mtu Kahe, lakini kutoka Kirua hadi Kahe ni mbali kwa miguu. Ruth alifariki saa sita mchana, kikombe cha maji kikiwa karibu na mkono wake. Hilaria alikuwa amemnywesha tangu alfajiri, kikombe baada ya kikombe, kadiri alivyotaka na zaidi ya alivyotaka. Eliufoo alifika saa kumi, miguu ikiwa na tope la mfereji hadi magotini.

Kwenye matanga majirani walileta mbege, maana hivyo ndivyo majirani wanavyofanya, na mara hii hata Bibi Veronika hakusema vyungu visimame nje ya ua. Vilipangwa chini ya migomba, na kata zikazunguka. Siku nne uwanja mzima ulikuwa na pumzi ya Ruth. Hilaria alikaa katikati yake, kanga mdomoni na puani, na haikusaidia kitu. Alimwona mume wake upande wa wanaume, amekaa kimya karibu kabisa na vyungu, akipumua kama kawaida. Alimwonea wivu kwa namna ambayo hakuwahi kumwonea mtu yeyote.

Siku ya nne, watu walipotawanyika, Eliufoo alikuja akakaa naye kwenye gogo la kukatia majani ya ng'ombe.

"Ijumaa ile. Ulisikia?"

Angemwambia kweli, angejua. Angejua kwamba alipiga mluzi. Angehesabu hatua zote za kwenda Kahe, na jembe, na maji yaliyoingia kwenye mahindi saa zile zile. Lakini pia alikuwa na haki ya kukaa karibu na kitanda kile, naye Hilaria ndiye aliyeichukua haki hiyo. Hakuna aliyempa ruhusa isipokuwa mtoto aliyekuwa akifa.

"Nilikuwa na mafua," alisema.

Eliufoo aliitikia kwa kichwa. Aliamini. Hakuwa na namna nyingine ya kujua. Aliinuka, akaokota kata moja iliyosahauliwa kwenye majani, akaisogeza puani kwa mazoea, akatazama ndani yake, akaenda kuisuuza mferejini.

Harufu ilibaki pale gogoni. Hilaria alikaa nayo.